Vipimo vya Nyuma ya Pazia

Mwalimu mkuu wetu alikwama ndani ya gauni lake jipya Jumamosi asubuhi, ofisini kwake, mikono juu kama mtu anayesimamisha gari, na mimi ndiye niliyeitwa kumtoa.

"Funga mlango, Feni," sauti ilitoka ndani ya kitambaa. "Na ukicheka, katafute kazi nyingine."

Feni ni mimi. Wanafunzi walinibandika jina hilo kwa sababu situlii. Nikifundisha nazunguka kutoka ubaoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi dawati la mwisho, na kurudi, mpaka wanaokaa katikati wanadai wanasikia baridi. Walimu wenzangu wakalidaka, na sasa hata Mkuu analitumia. Sikucheka, ingawa mbavu ziliniuma kwa kujizuia. Gauni lilikuwa limekaba kifuani, halipandi halishuki. Nilivuta upindo, nikavuta mikono, nikapanda juu ya kiti, nikashuka, nikapiga magoti. Mwishowe kitu kilipasuka kwenye mshono wa ubavuni na Mkuu akachomoka, nywele timtim, jasho linamchuruzika, amevaa shimizi na hasira.

"Nani alinipima mimi?" aliuliza.

Jibu alikuwa nalo, na mimi nilikuwa nalo. Gauni lilishonwa na kaka yangu. Duka lake ni chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, na kwenye kona pazia zito la kijani. Mteja mwanamke akija kupimwa, kaka haingii nyuma ya pazia, na huo ndio utaratibu wake tangu aanze kazi. Mke wake, wifi yangu, huingia na mteja, hupima, na kuita vipimo kwa sauti. Kaka husimama kwenye meza na chaki, anaandika palepale juu ya kitambaa. Na hajibu neno. Mwili wa mwanamke haujadiliwi dukani kwake, anasema, na wanawake wanampenda kwa hilo. Wapo wanaobana pumzi ili wapunguze inchi mbili. Anawashonea bila hizo inchi mbili, wakirudi kulalamika anaachia mishono kimyakimya, na maisha yanaendelea.

Ila mwaka huu, kuelekea kufunga shule, wifi alijifungua. Tepu ya kupimia ikashikwa na binti yao mkubwa.

"Alinipima yule mtoto," Mkuu alisema, akivaa sketi yake ya zamani kwa fujo. "Na Alhamisi hiyohiyo aliyonipima nilikuwa nimemwambia baba yake kwamba binti anarudia darasa. Alikuwa amesimama pale anasikiliza. Unaelewa, Feni? Amelipiza. Amenishonea tusi."

"Mkuu, ni mtoto."

"Ni mtoto mwenye kisasi! Keshokutwa nasimama mbele ya wazazi wote kusoma matokeo, nilitaka kusimama na gauni hili. Sasa sikiliza. Nilikuwa nimemweka kwenye wanaorudia. Nimemtoa. Simtaki hapa kabisa. Mwambie kaka yako amtafutie kwingine."

"Kwingine wapi? Ameshawahi kurudia mara moja. Shule gani itampokea na matokeo yale?"

"Hilo ni lenu," alisema. "Mimi lililonibana ni hili."

Nilitoka na gauni kwenye mfuko, natembea kama ninafukuzwa. Kutoka shuleni hadi dukani kwa kaka si mbali, na njia nzima nilikuwa nagombana na mtoto kichwani. Nilimgombeza kwa sauti mpaka muuza viatu wa pembeni akauliza kama naongea naye.

Huyu binti ni mtoto wa kaka yangu na pia ni mwanafunzi wangu, na kuwa vyote viwili kumemponza. Nilimkaza kuliko wenzake ili watu wasiseme nambeba. Tunamwita Redio, nyumbani na shuleni. Simulia hadithi mara moja, ataisimulia jioni na sauti zote, na mlango ukifungwa na mbwa akibweka. Kwenye kusoma ndiye mkono wangu wa kulia. Na jedwali la kuzidisha analiimba lote, mwanzo hadi mwisho, bila kupepesa macho. Lakini muulize saba mara nane peke yake. Ananyamaza, anang'ata kola ya sare, halafu anakupa namba yoyote ile, kama mtu anayempa ombaomba chochote ili aondoke mlangoni.

Kwa hiyo sote tulikuwa na neno moja: anajua, hataki. Jeuri. Nilimhamishia dawati la mbele. Nikamnyima vitabu vya hadithi mpaka hesabu zinyooke. Hesabu hazikunyooka, na yeye akaanza kuzungumza kidogo kuliko zamani, jambo ambalo mimi nililiita heshima.

Nilimkuta amekaa sakafuni dukani, anafumua mshono kwa wembe huku akimsimulia kichanga kisa cha panya aliyehamia kwenye kofia. Wifi alikuwa kwenye kigoda, mtoto begani. Kaka alikuwa anapiga pasi suruali. Nililitupa gauni juu ya meza.

"Kaka, hii ni nini?"

Aliligeuza, akaona lilipopasuka, akalilaza, akaweka tepu kifuani mwa gauni. "Thelathini na nne na nafasi ya kupumua. Ndivyo nilivyoitiwa."

"Mwalimu mkuu ana kifua cha thelathini na nne?"

Kaka alitazama dari.

"Wewe si una macho?"

"Ninayo."

"Sasa ulipoitiwa thelathini na nne hukushtuka?"

"Nilishtuka," alisema kwa sauti ya chini. "Ningefanyaje? Nipige kelele kupitia pazia, mwalimu mkuu, samahani, kifua chako si hicho, kiongeze?"

Wifi alicheka mpaka kichanga kikaamka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimepandwa na mori. Kaka naye alikuwa anaona mbali zaidi ya gauni hili. Niliona anakumbuka. Wiki zile walikuwa wamerudishiwa nguo mfululizo: sare ya muuguzi iliyoning'inia kama pazia, sketi ya jirani ambayo haikupita magotini. Alikuwa amelaumu kitambaa, akalaumu maji ya kufulia, akamlaumu hata muuza uzi. Sasa aligeuka akamtazama binti yake.

"Ulifanya makusudi?"

Redio hakujibu upesi. Alimtazama baba yake, akamtazama mama, akanitazama mimi, taratibu, uso baada ya uso. Kisha akasema, "Ndiyo."

"Kwa sababu ya kurudia darasa?"

Alitutazama tena. "Ndiyo."

Kaka aliweka pasi chini. Huwa hapigi kelele, na hakupiga. "Shuleni hufai," alisema. "Nilidhani angalau utanifaa hapa. Sasa nikuweke wapi, mwanangu? Niambie wewe, nikuweke wapi?"

Mtoto aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nazunguka meza ile kama inzi, na kitu fulani kilikuwa kinaniwasha. Sikujua ni nini. Ni lile jicho. Mtu anayekiri kosa huangalia chini au hukukazia macho. Yeye alitupitia sote kwanza, kama anayetafuta mahali jibu lilipoandikwa.

"Chukua tepu," nilimwambia. "Nipime mimi. Kifua."

"Feni, huu si wakati," kaka alisema.

"Nipime!"

Alinyanyuka, akanizungushia tepu vizuri kabisa, mikono mepesi kama ya mama yake, haikazi, hailegezi. Akainama kwenye namba. Niliona midomo yake ikitembea. Akaita kwa sauti safi ya kazini, "Hamsini na tatu!"

Mimi ni mwembamba kama fagio. Kaka, pamoja na hasira zake zote, alipasuka kwa kicheko. "Hamsini na tatu! Labda umempima pamoja na meza!" Wifi akashika mbavu. Nami nikaanza kucheka. Halafu nikamwona Redio.

Alitutazama. Mimi, baba, mama. Kisha na yeye akacheka.

Huyu ni mtoto ambaye siku zote hucheka wa kwanza. Anaanza kucheka kabla hujamaliza kisa. Sasa alicheka wa mwisho, kwa adabu, baada ya kuhakikisha kwamba ni la kuchekwa. Kicheko kilinikauka. Nilitazama tepu kifuani pangu: thelathini na tano.

Nilimshika mkono nikamtoa nje, nyuma ya duka, kwenye ndoo za maji.

"Mwanangu, thelathini na nne na arobaini na tatu, ipi kubwa?"

Alinitazama usoni. Nikamgeuza akatazama ukuta.

"Usiniangalie. Ipi kubwa?"

Kola ikaingia mdomoni. "Zote zina tatu na nne," alisema.

"Ndiyo, lakini ipi kubwa?"

"Shangazi, sijui." Alisema upesi, kama mtu anayetema kitu. "Namba ni kama majina ya watu. Ukiniambia jina la mtu nisiyemjua, nitajuaje kama ni mrefu au mfupi? Nyie mnajua. Mkisikia tu mnajua. Mimi nasubiri nione mtacheka au mtakasirika."

Nilisimama pale na miguu yangu isiyotulia, na kwa mara ya kwanza haikuwa na pa kwenda. Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa kuliko kama angenijibu kwa matusi.

"Sasa mbona umesema makusudi?"

"Bora mseme mimi jeuri," alisema. "Jeuri anachapwa yanaisha. Mjinga anabaki hivyohivyo."

Nilirudi ndani nikawaambia. Wifi aliacha kumbembeleza kichanga. "Saa hajui kuisoma mpaka leo," alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwetu. "Huwa ananiuliza, mama, bado kidogo au bado sana? Na mimi namjibu. Nilidhani namdekeza."

Kaka alisikiliza, akikunja tepu na kuikunjua. Nilingoja aseme pole. Aliposema, alisema jingine kabisa.

"Kesho jioni naenda kwa mwalimu mkuu na kitambaa kipya. Redio atakuja, atasema alifanya makusudi, ataomba radhi. Mkuu hasira zake hupoa upesi, atamsamehe. Atarudia darasa, basi."

"Akarudie nini, kaka? Akarudie kutuangalia usoni mwaka mwingine?"

"Mtoto mwenye kisasi, watu wanasema atakua ataacha," alisema. "Lakini ukishamwambia mwalimu mkuu kwamba kichwa cha mtoto hakipokei namba, hilo halifutiki. Atakuwa yule binti wa fundi, yule asiyeweza. Utalibandua wewe hilo? Huwezi hata kukaa kwenye kiti dakika moja."

Tuligombana. Sitasema yote, maana mengine hayakuwa na uhusiano na mtoto, yalikuwa ya tangu tukiwa wadogo. Niliondoka bila kuaga. Usingizi wenyewe ulinipiga chenga, na Jumapili nzima nilifagia nyumba ambayo ilikuwa safi. Kaka hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilikuwa nimeona watoto wanaobandikwa neno likawaganda. Neno nililombandika mimi mwenyewe huyu mtoto, jeuri, lilikuwa limemganda kiasi kwamba alijificha ndani yake.

Jioni nilitangulia nyumbani kwa Mkuu, nikawangoja getini. Walikuja, kaka na furushi lake la kitambaa, Redio na tepu shingoni, nguo zake za kutokea zimepigwa pasi kama kisu. Kaka aliponiona alisimama.

"Usiharibu," alisema.

"Shikamoo, shangazi," Redio alisema. Nikaitika.

Mkuu alitukaribisha sebuleni bila tabasamu. Redio alisimama mbele yake akasema maneno aliyofundishwa, bila kukosea hata moja, na kwa sauti iliyojaa majuto, maana ni Redio. Mpe maneno, atakupa machozi. Alisema alikasirika, akaita namba ya uongo kwa makusudi, na anaomba radhi. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Niliona mabega yake yakishuka.

"Nimekusamehe," alisema. "Umekuwa mkweli, hilo ni kubwa. Utarudia darasa, utajirekebisha, na sitaki kusikia habari hii tena. Fundi, umeleta kitambaa?"

Kaka alishusha pumzi. Imekwisha. Mambo yalikuwa yametengenezwa, kila mtu ana sehemu yake, na mtoto ana pa kwenda. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimesimama huku kaka na Mkuu wamekaa, na nilijua nikifungua mdomo naweza kumkosesha hata hicho kidogo alichopata.

"Mkuu," nilisema, "mruhusu akupime tena. Yeye mwenyewe."

Redio alinigeukia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtoto niliyembeba mgongoni.

"Bila shaka," Mkuu alisema. "Sasa si amejirekebisha?"

Tuliingia chumbani, sisi watatu. Kaka alibaki sebuleni kwenye meza ya chakula na chaki yake, na mlango ukarudishwa, ukawa ndio pazia. Mkuu alinyoosha mikono pembeni. Redio alimzungushia tepu, akaiweka sawa mgongoni, akainama. Niliona sikio lake limelowa jasho. Alikawia. Alijitahidi, niliona anavyojitahidi. Hakuna mtu aliyewahi kutaka kusema ukweli kama yule mtoto pale.

"Thelathini na nne!" aliita.

Sebuleni sikusikia chaki ikigusa kitambaa. Kisha kaka yangu, ambaye hajawahi kujibu hata mara moja tangu aanze kushona, alijibu kupitia mlango.

"Hapana, mwanangu. Siyo hiyo."

Mkuu alishusha macho kwenye tepu. Aliona arobaini na tatu, kubwa, nyeusi, chini ya kidole cha mtoto. Alifungua mdomo kwa hasira, na nadhani alikuwa anataka kusema bado unanichezea, lakini Redio alikuwa ameinua uso anamsoma. Nyusi za Mkuu zikapanda, na mtoto akaona zimepanda.

"Au arobaini na tatu?" Redio alisema. Ndita zikakunjika kwenye paji la Mkuu, kwa mshangao tu. "Au hamsini?" mtoto akaongeza haraka. "Hamsini na nne?"

"Usiniangalie mimi," Mkuu alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Angalia tepu."

"Tepu hainiambii kitu, Mwalimu," Redio alisema, na sasa alikuwa analia kweli, siyo yale machozi ya sebuleni. "Uso wako ndio unaniambia."

Mkuu alikaa kitandani, tepu bado imemzunguka. Kisha akachukua vibanio vya nywele mezani, akavimwaga kidogo kwenye shuka, akauliza ni vingapi. Redio alivigusa kimoja kimoja, akapoteza hesabu, akaanza upya. Akaulizwa saa ya ukutani inasemaje. Alisema ni nzuri. Hakuwa anatania. Alitafuta tu la kusema juu ya saa.

"Nenda kwa baba yako, mwanangu," Mkuu alisema. "Mwambie angoje." Mlango ulipofungwa alinigeukia, na nilijua inakuja. "Mwaka mzima, Feni. Mwaka mzima yuko mbele ya pua yako!"

"Na aliporudia darasa lile alikuwa mbele ya yako," nilimrudishia. "Wewe ndiye uliyekuwa unalifundisha. Ulimwandikia mvivu. Mimi nikaandika jeuri. Tumemwandikia tabia, hakuna aliyeuliza kichwa kinaonaje."

Nilidhani atanifukuza kazi. Badala yake alivua tepu, akaishika mkononi, akaitazama. Alisema amewahi kufundishwa jambo hili chuoni, zamani: kuna watoto ambao namba haziwakai, na akili zao ni nzima kabisa. Aliandika mtihani akafaulu, akasahau. Alisema yupo mwalimu wa shule ya jirani aliyesomea kuwasaidia watoto wa namna hii, na Jumanne atamleta amwone, kwa sababu mimi na yeye tunabahatisha tu. Alisema Redio hatarudia, kwani kurudia ni kumpa tena dawa ileile iliyokataa.

"Atapanda na wenzake. Na wewe utapanda na darasa lako, na kila siku baada ya masomo utakuwa naye nusu saa. Na utakaa chini, Feni. Umekaa kitako. Mtoto anayesoma nyuso huwezi kumfundisha huku unakimbia."

Tulipotoka, kaka na Redio walikuwa wamekaa kwenye kochi moja, mkono wa baba juu ya kichwa cha mtoto. Hakuniambia nimeharibu. Hakuniambia sikuharibu. Alikuwa anafikiri kifundi.

"Kata utepe," alimwambia binti yake, akatoa bunda la utepe mfukoni. "Usiite namba. Mzungushie mwalimu utepe, kata panapokutana, niletee. Mmoja wa kifua, mmoja wa kiuno. Nitaulaza kwenye kitambaa."

Redio aliingia tena chumbani peke yake na mkasi. Alirudi na vipande viwili, akavinyoosha mezani kimoja kando ya kingine, na kabla hajaulizwa akaweka kidole kwenye kile kirefu. "Hiki ni kikubwa," alisema. Hakumtazama mtu.

Jumatatu Mkuu alisimama mbele ya wazazi na gauni limemkaa kama alizaliwa nalo. Alisoma wanaorudia. Wifi alikuwa amenishika mkono mpaka kucha zikaingia. Jina la binti yetu halikusomwa. Kaka alikohoa, akatoa kitambaa cha jasho, akajifuta mahali ambapo hapakuwa na jasho.

Sitasema mambo yalinyooka. Mwalimu wa shule ya jirani alikuja, akakaa na Redio, akatuambia kazi ipo na ni ya muda mrefu. Kaka alikata vipande vya utepe kwa kila namba, kuanzia moja hadi kumi, kila kimoja kwa urefu wake, na Redio anavibeba kwenye kimfuko alichokishona mwenyewe. Siku nyingine nane inakuwa kubwa kuliko tano. Siku nyingine inagoma. Mimi nakaa, na miguu inanichezacheza chini ya meza, na yeye ananiambia, "Shangazi, tulia, unatingisha namba."

Shule ilipofunguliwa, siku ya kwanza ya hesabu, niliandika namba mbili ubaoni. Halafu badala ya kuzunguka nilikwenda moja kwa moja mpaka nyuma ya darasa, nikaegemea ukuta, nikasimama.

"Umeme umekatika," mtu alinong'ona. "Feni haizunguki." Wakacheka.

"Ipi kubwa?" niliuliza kutoka huko nyuma.

Nilivyoona, vichwa vyote vilielekea ubaoni, isipokuwa shingo ya Redio iliyogeuka kunitafuta. Nilikuwa nimejifunika uso kwa kitabu, nachungulia pembeni. Alinikuta hivyo, akaelewa, akageuka mbele, akafungua kimfuko chake akaanza kulaza tepe zake juu ya dawati. Nikashusha kitabu polepole.

Palikuwa na shingo nyingine imegeuka, upande wa dirishani. Ya mvulana mpole, asiyesumbua mtu, ambaye kila siku hunyoosha mkono wenzake wakinyoosha. Mwaka uliopita nilimwandikia: hana bidii. Hakuwa anaangalia ubao. Alikuwa ananiangalia mimi, ametulia, anasubiri uso wangu umwambie.

Nilivuta kiti nikaenda nikakaa kando yake.